Je, Wajua? Injini Mpya Hupaa Kwanza kwa Bawa la Kuazima

Kabla injini mpya ya ndege kubwa haijafungwa kwenye ndege iliyoundiwa, hupelekwa angani na ndege maalumu ya majaribio. Tarehe 13 Machi 2018, injini ya GE9X, yenye feni ya kipenyo cha takriban mita 3.4, ilipaa kwa mara ya kwanza kutoka Victorville, California, ikiwa chini ya bawa la kushoto la Boeing 747-400. Injini tatu za kawaida zilibaki mahali pake, ili mpya ikizimika angani, ndege irudi salama. Wahandisi hupima joto, mtetemo na matumizi ya mafuta. Boeing 777X, yenye injini hiyo, iliruka mara ya kwanza Januari 2020. Usalama wa abiria hujengwa mapema hivyo.