Kibao cha Kiwanja: Bati, Mbao au Turubai?

Mwenye kiwanja anayeishi mbali nacho husimamisha kibao: "Kiwanja hiki hakiuzwi, jihadhari na matapeli". Maneno hayo yakifutika, tapeli hupata mwanya wa kumwonyesha mnunuzi ardhi isiyo yake. (Mnunuzi naye asitegemee kibao; aombe kwanza upekuzi katika ofisi ya ardhi.) Kabla ya kumlipa fundi, tunashauri uulize kibao kitatengenezwa kwa kitu gani.

Turubai lililochapishwa ni nafuu, nalo linafaa tangazo la kupangisha la wiki chache. Likikaa juani wino wake hupauka, hasa mwekundu, na upepo hulichana kwenye matundu ya kamba. Bati hudumu zaidi. Lakini katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Tanga, hewa ya chumvi huharakisha kutu, ambayo huanzia kwenye kingo zilizokatwa na matundu ya misumari. Mtake fundi azipake sehemu hizo rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuandika. Alumini haishiki kutu kama chuma, ila huwavutia wezi wa vyuma chakavu. Nguzo ya mbao huliwa na mchwa kuanzia chini, kibao chenyewe kikiwa bado kizima.

Penye ukuta, sisi tungechagua maandishi ya rangi ukutani, plasta ikiwa imekauka vema: hayang'oleki.

Dai risiti inayotaja aina ya bati na unene wake. Bila hiyo, kibao kikitoboka mapema, malalamiko yako hayatakuwa na ushahidi.