Miwani ya Gemu: ya PlayStation au ya Kompyuta?

Akina mama wenzetu wa Tarime na Mugumu, mtoto akishaiona miwani ya VR kwenye simu, nyumba haikaliki. Wetu nao wameiomba. Kabla ya kuuza ng'ombe tulikaa na baba yao, tukapiga hesabu.

PS VR2 ya Sony, iliyotoka Februari 2023 kwa karibu dola 550 za Marekani, haichezi peke yake: inataka PlayStation 5, nayo inanunuliwa mbali. Tangu Agosti 2024 ipo adapta ya kuiunganisha na kompyuta. Lakini si kompyuta ile ya kuchapia barua! Inatakiwa yenye kadi ya picha ya nguvu, na hapo ndipo fedha inapoishia. Hata hivyo, kompyuta itasomewa pia. PlayStation ni ya kuchezea tu.

Sony wenyewe wanakataza mtoto wa chini ya miaka 12 kuivaa. Kitinda mimba wetu ana 9, alilia sana. Tena anayeivaa haoni jiko wala mdogo wake anayetambaa.

Tumeamua kompyuta kwanza. Miwani itasubiri.