Baada ya Moto: Jinsi Familia Inavyosimamisha Boma Upya Kitui na Makueni

Moto wa nyumba humaliza kazi yake kabla jirani hajarudi kutoka kisimani na mtungi wa pili. Kujenga upya huchukua miezi, na mara nyingi mwaka mzima. Katika kaunti za Kitui na Makueni kipindi hicho huwa kigumu zaidi kwa sababu familia haina nafasi ya kujenga tu. Wakati uleule inapaswa kulima, kutafuta maji, kusomesha watoto na kufuatilia stakabadhi zilizoungua. Familia inayoanza kila kitu kwa pamoja hujikuta na kuta nusu, shamba lisilopandwa na watoto waliotawanyika kwa jamaa. Inayofuata mpango, hasa mpango unaozingatia mvua, huinuka mapema. Makala haya yanaeleza mpango huo hatua kwa hatua.

Siku tatu za kwanza

Kazi ya kwanza ni watu. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa takriban dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Mafuta, dawa ya meno au unga visipakwe juu ya kidonda, kwa maana huzuia joto kutoka na humpa daktari kazi ya ziada. Majeraha makubwa hupelekwa katika hospitali za rufaa za kaunti zilizoko mjini Kitui na Wote.

Kazi ya pili ni usalama wa mahali penyewe. Ikiwa nyumba ilikuwa na umeme, hakuna anayepaswa kugusa nyaya au kuingia ndani kabla ya Kenya Power kukata laini. Kuta zilizobaki bila paa zinaweza kuanguka kwa upepo mdogo tu, hivyo watoto wasiachwe wakichakura majivu kutafuta vitu vyao.

Kazi ya tatu ni kupiga ripoti. Naibu wa chifu na mzee wa kijiji hujulishwa, kisha mwenye boma hufika kituo cha polisi ili tukio liandikwe na apewe nambari ya OB. Ikishukiwa kwamba moto uliwashwa makusudi, mabaki hayaondolewi mpaka polisi wayaone. Picha zilizopigwa kwa simu kabla ya kusafisha pia husaidia baadaye.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, huduma za zimamoto na usimamizi wa majanga ni jukumu la serikali za kaunti. Hata hivyo, Kitui ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 30,000, karibu mara nne ya Makueni, na vijiji vingi viko mbali na miji yenye magari ya zimamoto. Ndiyo maana majirani huwa wa kwanza kufika. Baada ya hapo, ofisi ya msimamizi wa wadi inapaswa kupata taarifa siku hiyohiyo ili familia iingizwe katika orodha ya wanaohitaji msaada. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana bila malipo kwa nambari 1199.

Karatasi zilizoungua

Wengi huahirisha jambo hili, na baadaye huwagharimu. Bila kitambulisho ni vigumu kurudisha laini ya simu, na bila laini pesa zilizo kwenye M-Pesa na michango ya jamaa haviwezi kuguswa. Kwa hiyo kitambulisho ndicho huanza.

Ufunguo wa karatasi zote ni taarifa rasmi ya polisi, ile inayojulikana kama abstrakti, inayotaja kila stakabadhi iliyoungua. Inafaa familia ikae chini na kuandika orodha kamili kabla ya kwenda kituoni, ili isirudi mara tatu kwa kusahau cheti kimoja. Kwa abstrakti hiyo, maombi ya kitambulisho kipya na vyeti vya kuzaliwa yanaweza kuanzishwa katika Huduma Centre za Kitui na Wote. Vyeti vya mitihani huombwa kwa Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) kupitia mtandao wake.

Hati miliki ya shamba huchukua muda mrefu zaidi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamtaka mwenye ardhi kuapa kwa maandishi kwamba hati imeharibika. Kisha tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na magazetini, na nakala mpya hutolewa baada ya siku 60 kupita bila pingamizi. Kuungua kwa hati hakumwondolei mtu umiliki wake, kwa kuwa jina lake limo katika rejista ya ardhi. Lakini shamba likiwa bado katika jina la babu aliyefariki, familia itahitaji kwanza kumaliza urithi, na ni vyema jambo hilo lianzishwe mapema kuliko kungoja nyumba ikamilike.

Mahali pa kulala, na watoto

Katika maboma mengi ya Ukambani, nyumba ya ndugu au ya wazazi iko hatua chache tu, na hapo ndipo familia hulala usiku wa kwanza. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Chumba kimoja kilicholaza watu wanne hakiwezi kulaza kumi kwa miezi sita bila manung'uniko. Mara nyingi hapo ndipo familia huanza kugawanyika: mtoto mkubwa kwa shangazi Mwingi, wadogo kwa nyanya, baba Nairobi kutafuta kibarua, mama peke yake na majivu.

Wakati mwingine hakuna njia nyingine. Iwapo watoto watatawanywa, ni vyema kuwe na tarehe ya kurudi inayojulikana kwa wote, na mtoto aambiwe tarehe hiyo. Mtoto aliyeona nyumba yao ikiungua anaweza kuota ndoto za kutisha, kukojoa kitandani au kukataa kulala gizani. Haya si utundu. Yanapungua anaporudi haraka kwenye mazoea yake, na kwa mtoto zoea kubwa ni shule. Mwalimu mkuu akielezwa mapema, mwanafunzi anaweza kuendelea na masomo huku sare na vitabu vikitafutwa. Hofu isipopungua baada ya wiki kadhaa, familia inashauriwa kuomba ushauri katika kituo cha afya.

Watu wazima nao huumia kimyakimya. Aibu ya kuvaa nguo za kupewa na kula isyo kwenye sahani ya jirani kila siku humkalia mtu moyoni. Majirani husaidia zaidi wanapompa mwenye boma kazi ya kufanya na neno la kuamua kuliko wanapomwamulia kila kitu.

Kalenda ya mvua ndiyo kalenda ya ujenzi

Katika eneo hili mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo ya kutegemewa zaidi. Ile ya Machi hadi Mei mara nyingi huwa haba. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu, nyasi hukauka, upepo huvuma, na moto huenea kwa wepesi.

Chukua mfano wa nyumba iliyoungua mwezi Septemba. Pamoja na nyumba imeungua ikumbi, yaani ghala, na ndani yake mahindi ya kula na mbegu za kupanda. Michango imeanza kuingia, na kila mtu anashauri ujenzi uanze mara moja. Lakini zimebaki wiki chache tu kabla ya mvua, na maji ya kufyatulia matofali yako mbali. Familia ikitumia pesa na nguvu zote kwenye kuta, msimu wa kupanda utapita. Mwezi Februari, wakati majirani wanavuna, itakuwa inanunua chakula kwa pesa ambazo zingenunua saruji.

Kwa hiyo katika mfano huu shamba hutangulia. Sehemu ya michango ya kwanza hununua mbegu: ndengu na kunde, ambazo hukomaa kwa miezi miwili hadi mitatu, pamoja na mahindi ya muda mfupi yanayostahimili ukame. Familia hulala kwenye kibanda imara. Kuta husubiri Januari na Februari, wakati mabwawa na visima vya mchangani bado vina maji, jua limerudi la kukausha matofali, na wanakijiji wamepumua kutoka shambani.

Moto ukitokea Januari, mambo hugeuka: maji yapo, na ujenzi unaweza kuanza mara moja. Ukitokea Juni, miezi mikavu hutumiwa kukusanya mawe, kokoto na mbao, kazi zisizohitaji maji mengi.

Mabati kwanza

Familia nyingi hazitambui mara moja kwamba paa likiungua, chanzo cha maji nacho kimeungua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Kibanda chenye paa la mita mraba 24 kinaweza kukinga hadi lita 240 kwa mvua ya milimita 10. Hiyo ni mitungi 12 ya lita 20 ambayo mama au binti hatalazimika kuifuata mtoni.

Kwa sababu hiyo, mabati na mfereji wa kukingia maji ni matumizi mazuri ya pesa za mwanzo. Kibanda cha nguzo hujengwa kwa mabati mapya, yapigiliwe misumari michache kwa uangalifu, na baadaye mabati hayohayo yahamishiwe kwenye nyumba ya kudumu. Mabati yaliyopita motoni hupoteza ngozi yake ya zinki na kushika kutu upesi. Yanafaa kuzibia banda la mbuzi, si kufunika nyumba mpya.

Kuta, matofali na mchanga

Si kila ukuta uliopita motoni hubomolewa. Fundi mwenye uzoefu huangalia kama umeinama, kama una nyufa pana, na kama udongo ulioshikanisha matofali unamwagika ukiguswa. Ukuta uliosimama wima unaweza kuokolewa, na hilo hupunguza gharama. Lakini ukishikanishwa kwa udongo na kuachwa wazi, mvua moja kubwa itauharibu, hivyo kichwa chake kifunikwe kwa mabati mabovu au karatasi ya plastiki.

Matofali ya kuchoma huhitaji kuni nyingi, na miti ya eneo hili hukua polepole. Mbadala wake ni matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi, ila yanapaswa kufunikwa na kumwagiwa maji kwa wiki kadhaa ili yapate nguvu.

Mchanga nao una sheria. Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka wa 2015, kwa kuwa mchanga wa mtoni ndio unaohifadhi maji ya kijiji. Kabla ya kuzoa, familia iulize katika ofisi ya wadi utaratibu wa kufuata. Anayejenga mjini au sokoni ahakikishe pia kwamba ramani yake imeidhinishwa na idara ya mipango ya kaunti.

Mwethya na michango

Ukambani hakuna anayejenga peke yake. Mwethya, yaani kundi la kazi ya pamoja, ndio uliochimba matuta na mabwawa ya mchanga katika vijiji vingi, na ndio hubeba maji, mawe na matofali ya aliyeunguliwa. Ili nguvu hizo zisipotee, fundi na vifaa viwe tayari kabla ya siku ya kazi. Watu 30 waliokuja wakakuta hakuna mchanga hawatakuja wote tena.

Michango ya pesa huhitaji daftari. Watu watatu wanaoaminika, akiwemo mmoja wa familia, huandika kilichoingia na kilichotoka, na hesabu husomwa mbele ya wote. Mume na mke wakubaliane mapema ni kiasi gani kitaenda kwenye chakula, karo, mbegu na nyumba. Ugomvi juu ya michango umewahi kuvunja maboma ambayo moto haukuyavunja.

Nyumba mpya isirudie kasoro ya ile ya kale

Jiko lijengwe mbali na nyumba ya kulala, na ghala mbali na jiko. Koroboi na mshumaa visiachwe vikiwaka mtu akilala. Nyaya zifungwe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA). Dirisha moja angalau la chumba cha kulala liwe na vyuma vinavyofunguka kutoka ndani. Ndoo ya mchanga iwekwe mlangoni, na nyasi kavu zifyekwe kuzunguka boma kila Julai.

Nakala za kitambulisho, vyeti na hati miliki ziwekwe kwa jamaa anayeishi boma lingine, au zipigwe picha na kutumwa kwenye simu ya mtoto aliye mjini.

Familia iliyopatwa na moto, au jirani anayetaka kuisaidia, inashauriwa kuanzia kwa naibu wa chifu na msimamizi wa wadi. Dharura ya polisi ni 999 au 112.