FAIDA YA JUBA HUPIMWA KWA KIPIMO GANI?

Katika soko la Konyo Konyo, mjini Juba, hesabu ya siku huanza kabla ya mauzo. Mama auzaye nyanya zilizoletwa kwa lori kutoka Uganda hana budi kupata kwanza habari za dola, inauzwaje asubuhi hiyo. Nyanya zake zilinunuliwa kwa shilingi za Uganda, naye ataziuza kwa paundi za Sudan Kusini. Na katikati ya fedha hizo mbili imekaa dola ya Marekani kama mwamuzi. Asipojua neno la mwamuzi huyo aweza kuuza nyanya zote kabla ya adhuhuri, akarudi nyumbani na noti nyingi, na kesho yake akakuta kwamba noti hizo hazitoshi kununua shehena kama ile ya jana.

Kiswahili husikika sana sokoni humo. Wachuuzi wengi wametoka Uganda na Kenya, na wenyeji wengi nao walijifunza lugha hii walipokuwa wakimbizi katika nchi hizo. Kwa hiyo swali linaloulizwa Juba huulizwa pia katika nyumba nyingi za Arua, Gulu, Eldoret na Nairobi, ambako wake, waume na wazazi wameona akiba ya nyumbani ikipakiwa kwenda kaskazini: je, fedha hiyo imezaa kiasi gani, na imewekwa katika hatari ya kiasi gani?

Maswali haya ni mawili. Kosa la kwanza la wafanyabiashara wengi ni kulijibu moja na kulisahau la pili.

WASTANI NI MJANJA

Kupima faida ni kazi nyepesi. Huchukuliwa kile kilichopatikana mwishoni, hutolewa mtaji uliowekwa mwanzoni, na kinachobaki hugawanywa kwa mtaji huo. Aliyeweka dola 1,000 akapata dola 1,070 amepata faida ya asilimia 7.

Kupima hatari kunataka uvumilivu zaidi. Mwaka 1952 mchumi kijana wa Marekani aitwaye Harry Markowitz alichapisha makala fupi iliyobadilisha fikra za mabenki na mifuko ya akiba duniani. Mwaka 1990 alishirikishwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Alisema kwamba hatari yaweza kupewa namba, na namba hiyo ni mtawanyiko wa faida: ni umbali gani faida ya kila kipindi husimama kutoka kwenye wastani wake.

Ichukuliwe mifano ya akina mama wawili, kila mmoja akiwa na mtaji wa dola 1,000. Wa kwanza anauza vitunguu na nyanya, bidhaa zisizokaa. Katika robo nne za mwaka anapata faida ya asilimia 8, 6, 10 na 4. Wa pili ananunua saruji na mabati, anayaweka ghalani na kungojea bei. Yeye anapata faida ya asilimia 30, kisha hasara ya 25, kisha faida ya 40, kisha hasara ya 17. Ukijumlisha na kugawanya kwa 4, wote wawili wana wastani wa asilimia 7 kwa kila robo. Mwenye haraka atasema kwamba wako sawa.

Lakini hawako sawa. Ikiwa kila mmoja aliirudisha fedha yote katika biashara, mama wa vitunguu amefunga mwaka na dola 1,310, na mama wa saruji dola 1,133 tu. Hasara ya asilimia 25 haifutwi na faida ya asilimia 25; aliyebaki na 75 ahitaji kupata theluthi nzima ya fedha hizo ili arudi kwenye 100. Kwa sababu hiyo biashara inayopanda na kushuka kwa kishindo humla mwenyewe hata kama wastani wake unapendeza.

Kipimo cha Markowitz huonyesha jambo hili waziwazi. Hutafutwa tofauti kati ya kila robo na wastani, kila tofauti huzidishwa kwa yenyewe, hutafutwa wastani wa majibu hayo, kisha kipeuo chake cha pili. Kwa mama wa vitunguu jibu ni kama 2. Kwa mama wa saruji ni kama 28. Kwa wastani ule ule wa faida, wa pili amebeba hatari zaidi ya mara 12. Mwenye daftari, kalamu na saa moja ya utulivu aweza kuifanya hesabu hiyo mezani baada ya chakula cha jioni.

MIZANI ILIYOPINDA

Hesabu hiyo ilifanywa kwa dola kwa makusudi. Ingefanywa kwa paundi, na katika Juba, ingedanganya.

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na katika wiki ya pili ikatoa paundi yake. Kwa miaka kadhaa serikali ilishikilia kwamba dola moja ni paundi karibu 3. Kisha Januari 2012 visima vya mafuta vikafungwa kwa sababu ya ugomvi na Khartoum, na nchi ambayo karibu mapato yake yote ya serikali hutoka katika mafuta ikaanza kukosa dola. Desemba 2013 vita vikazuka Juba kwenyewe. Bei ya dola katika vitabu vya serikali haikutikisika. Bei ya mitaani ikaenda zake. Hatimaye, tarehe 15 Desemba 2015, Benki Kuu iliiacha paundi itafute bei yake yenyewe, na dola ikaandikwa paundi 18 na nusu.

Mtu aliyekuwa na paundi 30,000 aliweza kusema, kwa bei ya serikali, kwamba ana zaidi ya dola 10,000. Siku chache baadaye paundi zile zile zilikuwa dola 1,620 hivi. Hata kama kwa bidii zake alikuwa amezizidisha zikawa 60,000, yaani faida ya asilimia 100 katika daftari, alibaki na dola 3,240.

Je, alipoteza siku ile? Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya hasara hiyo ilikwisha kumfika zamani, kwa maana bidhaa za sokoni zilikuwa zikifuata dola ya mitaani. Kilichotokea Desemba ni kwamba kipimo kilinyooshwa. Kabla ya hapo mtawanyiko wa bei ya serikali ulikuwa sifuri kabisa, na aliyeitumia kupimia hatari angepata jibu kwamba hatari haipo. Bei isiyotikisika kwa amri haina habari yoyote ndani yake kuhusu hatari.

Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu zaidi. Kufikia Oktoba 2016 bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 800 katika miezi 12. Hapa pana kosa la hesabu ambalo hata wasomi hulifanya. Ikiwa mtu alikopesha paundi kwa faida ya asilimia 100 kwa mwaka, na bei zikapanda kwa asilimia 800, wengi hutoa 800 katika 100 na kusema amepata hasara ya asilimia 700. Hilo haliwezekani, kwani hakuna awezaye kupoteza zaidi ya vyote alivyotoa. Yafaa kugawanya. Fedha yake imekuwa mara 2; bei zimekuwa mara 9; 2 kwa 9 ni kama 22 katika 100. Amepoteza asilimia 78 ya nguvu ya fedha yake ya kununua, ingawa mdaiwa wake alimlipa mpaka senti ya mwisho na wakaagana kwa furaha.

Wahasibu wa dunia wanayo alama yao kwa hali kama hii. Nchi ambayo bei zake kwa miaka 3 zimepanda kwa jumla ya asilimia 100, au karibu yake, huhesabiwa miongoni mwa nchi zenye mfumuko uliopita kiasi, na vitabu vya makampuni yaliyomo sharti viandikwe upya kwa thamani ya fedha ya siku ya kufunga hesabu. Mabenki ya Kenya yenye matawi Juba yalijikuta yakifuata kanuni hiyo tangu mwaka 2016. Mchuuzi wa Konyo Konyo hana mhasibu, lakini anaweza kufanya jambo lile lile kwa kuandika mtaji wake kwa magunia badala ya paundi: nilianza na magunia mangapi ya unga, na leo fedha yangu yanunua mangapi?

MIAKA MIZURI HAIKUSEMA YOTE

Baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi mwezi Januari 2005, Juba ilivuta watu. Benki ya KCB ilifika mwaka 2006, Equity mwaka 2009. Mwaka huo wa 2009 kampuni ya SABMiller ilifungua kiwanda cha bia kando ya mji, kikatoa bia iitwayo White Bull. Mwaka 2012 barabara ya lami ya kilomita kama 190 kutoka Nimule, mpakani mwa Uganda, ilikamilika, na malori yaliyokuwa yakizama katika tope yakaanza kufika kwa saa chache.

Aliyekaa mwaka huo akapima faida na mtawanyiko wa miaka 6 iliyopita angeona mji wa dhahabu. Namba zake zingekuwa sahihi. Upungufu wake ni kwamba ndani ya miaka hiyo haikuwamo siku kama ile ya Desemba 2013, na kipimo kilichotengenezwa kwa siku za kawaida hakiwezi kuipima siku isiyo ya kawaida.

Kiwanda cha bia ni funzo zuri. Wanywaji hawakukosekana. Lakini mahitaji mengi ya kiwanda yaliagizwa ng'ambo kwa dola, na wanywaji walilipa paundi. Mapema mwaka 2016 kampuni ilitangaza kwamba ingeacha kupika bia Juba kwa kukosa fedha za kigeni. Faida ilikuwapo ndani ya chupa, ila haikuwa na mlango wa kutokea.

Kwa hiyo pamoja na mtawanyiko yafaa kuuliza maswali mawili ya nyumbani. La kwanza: siku mbaya kabisa ikifika, kiasi gani kitapotea kwa mara moja, na je, watoto watakula na ada ya shule italipwa? La pili: faida ikipatikana, yaweza kutolewa kwa fedha gani, na kwa siku ngapi? Mama wa vitunguu huona fedha yake ikirudi kila wiki. Mwenye kujenga nyumba ya kupangisha huingoja miaka.

VIKAPU VITATU, DARAJA MOJA

Jambo jingine alilolionyesha Markowitz ni kwamba kugawa mali mahali pengi hupunguza hatari iwapo tu mahali hapo hapaanguki pamoja. Familia yenye duka Juba, pikipiki ya abiria Juba, na vyumba viwili vya kupangisha Juba yaweza kujiona imejigawa mara tatu. Julai 2016, mapigano yaliporudi mjini, duka lenye kukimbiwa na mwenyewe, pikipiki isiyo na abiria na vyumba visivyo na wapangaji vilikuwa hasara moja yenye majina matatu. Serikali ya Uganda ilipeleka msafara wa jeshi kuwachukua raia wake. Waliopanda magari hayo walibeba walichoweza kubeba kwa mikono.

Wenye shamba la mahindi Gulu au chumba cha kupangisha Eldoret walikuwa na kikapu cha pili hasa, hata kama faida yake ni ndogo na ya kuchosha. Dola zilizofichwa nyumbani hazizai, tena zaweza kuungua au kuibwa. Lakini hazikushuka siku paundi iliposhuka. Ng'ombe, ambao kwa watu wengi wa Sudan Kusini ndio benki ya kale, huzaa na hawajui mfumuko wa bei, ila wana hatari yao ya ugonjwa na ya wezi wenye bunduki. Na tatizo la paundi halijawa hadithi ya zamani: Februari 2024 bomba kuu la mafuta lipitalo Sudan lilipasuka katikati ya vita vya nchi hiyo, na mwaka huo dola moja iliuzwa kwa zaidi ya paundi 1,000.

ZAMU YA KUMI

Akina mama wa Juba wana upatu wao, wauitao sanduku. Wengi huuona kuwa hauna hatari, kwa kuwa kila mtu hutoa sawa na hupokea sawa. Hebu upimwe. Wanawake 10 wanatoa paundi 20,000 kila mmoja kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea 200,000. Bei zinapanda kwa asilimia 10 kila mwezi. Kwa thamani ya paundi za mwezi wa kwanza, michango 10 ya kila mama ni kama paundi 135,000. Wa kwanza amepokea 200,000 kamili. Wa kumi anapokea noti zile zile 200,000, lakini zinanunua vitu vya kama 85,000 tu. Amepoteza zaidi ya theluthi ya alichotoa, na hakuna aliyemwibia.

Dawa yake si ngumu. Mchango ukiwekwa kwa bei ya kilo kadhaa za sukari, na paundi zikahesabiwa upya kila mwezi kwa bei ya soko la siku hiyo, mama wa kumi atapata sukari sawa na ile aliyopata wa kwanza. Hatari itakayobaki ni ya aliyepokea mapema kuhama mji kabla ya kumaliza kulipa. Hiyo haipimwi kwa kipeuo. Hupimwa kwa kujuana, na ndiyo maana zamu za kwanza hupewa wale ambao kibanda chao sokoni kinajulikana na ambao jamaa zao wako hapo hapo mjini.