Kwa Nini Vumbi Halitoki kwenye Mapanga ya Feni?



Tukizima feni ya darasani tunakuta mapanga yake yamejaa vumbi. Mbona upepo wote ule haukulipeperusha?

Sababu kubwa ni udogo wake. Vitu viwili vikigusana, baina yao huwapo mvutano hafifu, uliopewa jina la van der Waals, mwanasayansi wa Uholanzi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1910. Punje ya mchanga nayo huvutwa, lakini uzito wake huishinda ikaanguka. Ama chembe ikipungua upana mara 10, uzito wake hupungua mara 1,000, ilhali mvutano hupungua mara 10 tu. Kwa hiyo kilicho kidogo zaidi ndicho king'ang'anizi zaidi! Tena hewa inayogusana na panga huzunguka pamoja nalo, hivyo chembe iliyolala pale haipati upepo wa maana. Na huku kwetu pwani unyevunyevu huingia kati ya chembe na panga, ukavishikanisha.

Mambo ni hayo hayo mikononi mwetu. Vijidudu vingi vya maradhi vina upana wa kiasi cha sehemu moja ya elfu ya milimita, navyo hunasa katika mafuta ya ngozi. Kupitisha mikono chini ya bomba hakutoshi, kwani maji yanayogusa ngozi yenyewe hayaendi kasi. Sabuni huyaachanisha mafuta na ngozi, na kusugua huzisukuma chembe kwa ubavu. Kuzibingirisha ni rahisi kuliko kuzing'oa. Anayesoma fiq'hi ataikumbuka dalk, kusugua viungo wakati wa kutawadha, ambayo kwa madhehebu ya Shafi ni sunna. Hatusemi kwamba udhu umewekwa kwa ajili ya vijidudu, ila mkono uliokwisha kuzoea kusugua hauoni uzito kusugua kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Kuharisha bado ni miongoni mwa maradhi yanayoua watoto wengi walio chini ya miaka 5.

Na feni? Kitambaa kikavu hurusha vumbi hewani, likamsumbua mwenye pumu. Zimeni umeme kwanza, mfute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni na kukamuliwa vizuri. Wadogo wasipande juu ya madawati. Kazi hiyo waachiwe wakubwa.