Je, Wajua? Nani Hulipia Njia za Mji wa Kale

Je, wajua kwamba fedha za mafuta ya petroli zilisaidia kuigeuza Fort Jesus ya Mombasa kutoka jela hadi makumbusho? Wareno waliijenga ngome hiyo kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waingereza wakaifanya jela mwaka 1895, na wafungwa hawakuhamishwa hadi 1958. Ndipo ikaja ruzuku ya taasisi ya Calouste Gulbenkian ya Lisbon, ikagharamia uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia James Kirkman, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wageni wakaanza kuingia kwa tiketi badala ya hukumu. Gulbenkian mwenyewe alikuwa Muarmenia aliyetajirika kwa kushikilia asilimia tano ya mafuta ya Iraki. Alifariki mwaka 1955.

Na mwaka huo wa 1895 una kichekesho chake. Ndio mwaka ilipoanzishwa National Trust huko Uingereza, shirika la kutunza majumba ya kale na mandhari kwa michango ya wananchi. Waingereza kwao wanachangisha kuokoa ngome, kwetu wanazitia makufuli.

Nje ya lango la ngome ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Wageni wa ngome huingia kwa mlango mmoja, kwa hivyo mgeni hawezi kuiona kwa ndani bila kulipa. Lakini barabara ya Mbarak Ali Hinawy, Ndia Kuu na vichochoro vya kushukia ngazi za Leven havina mlango. Mtalii atapiga picha za roshani na milango ya nakshi asubuhi nzima, anywe dafu moja, aende zake. Mwenye roshani hapati kitu, ingawa tangu Mji wa Kale utangazwe eneo la hifadhi mapema miaka ya 1990 hawezi kuibomoa au kuibadilisha apendavyo. UNESCO nayo iliiingiza ngome katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mji wa Kale wenyewe haumo kwenye orodha hiyo, ilhali Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia mwaka 2000 na Lamu 2001.

Je, wajua kwamba kuna waliojaribu kuugeuza mtaa wenyewe uwe chanzo cha fedha? Katika miaka ya 1980, kikundi cha marafiki wa Fort Jesus kilitoa kitabu cha kumwongoza mgeni nyumba kwa nyumba, kilichoandikwa na Judy Aldrick na Rosemary Macdonald. Nairobi kuna wenzao wa siku nyingi: Kenya Museum Society, chama kilichoanza mwaka 1971, huandaa safari, mihadhara na maonyesho ya kuuza picha za wasanii kwa bei nafuu, na faida huenda kwenye makumbusho. Maonyesho kama hayo yangepata ukumbi mzuri sana kwenye kuta za Mji wa Kale. Hilo ni wazo langu tu.

Wazee wa Mombasa hata hivyo hawakungoja maonyesho. Njia yao ilikuwa wakfu. Mtu ana nyumba au duka, analiweka wakfu, na tangu siku hiyo haliuzwi wala halirithiwi: kodi yake inakwenda kwenye msikiti, madrasa, kisima au maskini, mwaka baada ya mwaka, naye akiwa kaburini. Waliofanya hivyo si wanaume tu, wanawake wenye mali wamo. Mambo hayo yalikuwa mazito kiasi kwamba serikali ya kikoloni iliyaundia sheria na makamishna wake mwaka 1900, kabla hata ya reli kufika Kisumu. Ukipita Msikiti wa Mandhry, ambao tarehe yake inatajwa kuwa 1570, utakiona kisima chake ng'ambo ya barabara. Mpita njia hunywa na haulizwi kitu. Kwa maoni yangu hakuna karamu ya kuchangisha, hata ya kofia na tai, iliyopata kuushinda mpango huo. Udhaifu wake unajulikana pia: msimamizi akilala, au kodi ikibaki ile ya zamani huku bei ya chokaa na boriti ikipanda, wakfu unabaki jina.

Je, wajua kwamba kina mama wa Mombasa walikuwa hodari wa kuchangisha kwa ngoma? Vyama vya ngoma ya lelemama, vilivyotajika zaidi vikiwa Banu Saada na Ibinaal Watan, vilishindana kwa miaka mingi kwa mavazi, nyimbo na karamu. Vilikuwa na vyeo, na cheo kilikuwa na gharama yake: anayetaka kupanda huwalisha wenzake. Chama kimoja kikichinja, kingine hakikubali kushindwa. Mwanahistoria Margaret Strobel aliyaandika hayo katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, na jambo linalonivutia ni lililofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ari ile ile ilihamia kwenye vyama vya maendeleo, Muslim Women's Institute na Muslim Women Cultural Association, na fedha zikaanza kutafutwa kwa ajili ya elimu na maslahi ya wanawake. Ushindani haukufa, ulibadilishiwa kazi tu. Anayetaka kuchangisha Mombasa leo angefanya vyema kualika mitaa miwili inayotazamana kwa jicho la pembe.

Kuhusu barabara zenyewe, kisiwa cha Mombasa kimeona kila aina ya mlipaji. Mwaka 1890 Kampuni ya Imperial British East Africa ilizindua kwa mbwembwe reli nyembamba ya futi 2 iliyoitwa ya Afrika ya Kati. Ilikwenda maili chache, ikaishia porini. Vyuma vyake vikang'olewa, vikatandazwa kisiwani kwa vigari vidogo vilivyosukumwa na watu, na wakubwa wakawa na vigari vyao binafsi na wasukumaji waliovalishwa sare.

Mwaka 1931 likaja daraja la Nyali, la kuelea juu ya maboya, mali ya kampuni binafsi. Kila anayevuka alilipa, mpaka wanajeshi wakakataa. Kesi ikafika Uingereza, na mwaka 1955 Jaji Denning akatoa humo ile hoja inayosomwa na kila mwanafunzi wa sheria Kenya: kwamba sheria ya Waingereza ni kama mti wa mwaloni, huwezi kuung'oa kwao ukaupanda Afrika bila kuutunza upya. Yote hayo kwa sababu ya ada ya kuvuka maji ya Tudor! Daraja la sasa lilifunguliwa mwaka 1980.

Barabara ya mandhari hasa ni Mama Ngina, zamani Azania Drive, yenye mibuyu, upepo wa bahari na meli zinazoingia Kilindini karibu ya kuzigusa. Hiyo haikungoja michango. Serikali ilitumia takribani shilingi milioni 460 kuikarabati, ikafunguliwa Oktoba 2019. Wauza mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu walikuwapo kabla ya ukarabati, na ndio wanaoifanya ijae jioni.

Huko Marekani wapo wanaolipia barabara kwa hiari: wapenzi wa barabara ya Blue Ridge Parkway hununua kibao maalumu cha nambari ya gari katika jimbo la North Carolina, na sehemu ya ada hukabidhiwa mfuko wa barabara hiyo. Hebu fikiria tuktuk za Mji wa Kale zikiwa na kibao cha mlango wa nakshi.

Anayetamani kujaribu lolote kati ya haya aanze na karatasi. Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura ya 106, kwa kawaida humtaka anayechangisha kwa umma awe na leseni, na mwaka 2024 maafisa wa serikali walipigwa marufuku kushiriki harambee. Kwa hivyo mgeni wa heshima atafutwe kwingine.