Kabla ya Kununua Land Rover Kuukuu

Msomaji, umepata Land Rover Defender ya mwaka 1994 kwa bei nafuu, itakayowafikisha mashambani Desemba hata matope yakizidi. Imetembea kilomita 300,000. Hizo zisikutishe sana. Injini iliyochoka hufunguliwa ikatengenezwa. Chunga chesisi. Sehemu kubwa ya bodi ni alumini na yaweza kung'aa, ilhali chesisi ni ya chuma na huliwa na kutu, hasa ikiwa gari lilikaa Pwani kwenye hewa ya chumvi. Ingia uvunguni, uigonge kwa nyundo. Ikilia kwa ukali, ni nzima. Ikitoa mlio mzito au ikimeguka, ondoka. Nenda na makanika wako mwenyewe, si wa muuzaji. Karo ya watoto isije ikaishia gereji.